Miguu ya Mwalimu

Mwalimu alikuwa hakai. Sisemi kwa kumtania. Nasema hakai kwa maana ya kawaida kabisa. Ukimpa kiti anakishika mgongo, anakuuliza hali yako na ya watoto, na muda wote huo visigino vyake vinapanda na kushuka palepale aliposimama. Ukimpa chai ataimaliza akiuzunguka ua. Wageni walidhani ana haraka ya kwenda mahali. Siye majirani zake tulijua hana pa kwenda.

Mimi ni fundi cherehani hapa Umwe, na kibaraza changu kinatazama njia inayokwenda barabara kuu. Kabla sijawa fundi nilikuwa mwanafunzi wake. Alitufundisha michezo shule ya msingi, na ndiye mwanamke wa kwanza niliyemwona na filimbi shingoni. Asubuhi za shule alikuwa mbele ya mchakamchaka akiimbisha, ushungi umekazwa, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya mazoezi. Sisi wafupi wa mwisho wa mstari tulikuwa hatumwoni, tunaisikia filimbi na kishindo cha mwendo wake tu. Mpaka leo ikilia filimbi yoyote, hata ya trafiki, mguu wangu wa kushoto unataka kutangulia.

Alikozaliwa na ukoo wake siviandiki hapa, wenye kujua wapo. Nataka kueleza miguu yake, kwa sababu miguu ndiyo iliyomchukua, na sote tulikuwepo tunatazama, tena tunapiga makofi.

Jambo lenyewe lilianza kwa heri, na kwa amri ya daktari. Alipostaafu alinenepa kidogo, kizunguzungu kikaanza, akapimwa akaambiwa ana sukari. Daktari akamwambia apunguze wanga na awe anatembea. Angeambiwa mwingine, angeitikia kisha akarudi kulala. Kesho yake jua halijachomoza nikamwona anapita na raba za bluu na ile filimbi yake ya shule.

"Shikamoo Mwalimu. Filimbi ya nini tena, na wanafunzi huna?"

"Marahaba. Ya kujiitia mwenyewe, Fundi."

Sukari ikashuka kweli. Uso ukang'aa, kizunguzungu kikaisha, akawa anapanda ngazi za msikitini kushinda wanawake tuliomzidi ujana. Kwa muda fulani ilikuwa raha tupu kumtazama. Kina mama wa kikundi chetu walijaribu kumfuata, wakafika darajani hoi, wakarudi kwa bajaji wakicheka. Madereva wa mabasi ya kusini walimpigia honi kila walipomkuta kandokando ya lami, yeye anapunga mkono bila kupunguza mwendo. Ukitaka kumkaripia mtu mvivu hapa kwetu ulimtajia Mwalimu. Alikuwa na usemi wake, akiurudia kila anapoombwa siri ya afya yake: "Mwili ukiukalisha, unakusahau." Tulikuwa tukiurudia na sisi, bila kuufikiria. Siku hizi nikiukumbuka mwili wangu unasisimka.

Mumewe, tuliyemwita Mzee tu, alikuwa mtu wa kukaa. Mungu alivyowakutanisha hao wawili anajua mwenyewe. Mzee alikuwa na kiti chake cha mbao barazani na tasbihi yake, na kazi kubwa aliyojipa baada ya uzee kumwondoa shambani ilikuwa kupasha maji. Akiisikia filimbi kwa mbali anainuka, anamimina maji ya uvuguvugu kwenye beseni la kijani, analiweka chini ya kizingiti. Mwalimu akifika anatumbukiza miguu hali amesimama, na Mzee anainama kumnawisha. Mwanamume mzima anamnawisha mkewe miguu mbele ya njia! Watu walisema mpaka wakachoka.

Siku moja nimepeleka nguo, Mzee akaniita nitazame ndani ya beseni.

"Mie simuulizi kafika wapi," akaniambia. "Nangoja maji yatulie. Nikiona mchanga mweupe, kaishia darajani. Tope jeusi, kakatiza bondeni kwenye mipunga. Nikiona mwekundu, kapita makaburini, maana udongo mwekundu hapa kwetu uko kule tu."

"Na leo, Mzee?"

Akaliinamia beseni. "Siku hizi maji yana rangi zote, Fundi. Naona njia ndiyo iliyomwoa. Mie nimebaki mtu wa kumpokea."

Alisema huku anacheka, nami nikacheka. Njiani narudi nyumbani kicheko kikanikatika.

Mimi niligundua kwa futi. Fundi hana haja ya kuambiwa, nguo zinamwambia. Mwanzo Mwalimu aliniletea magauni yapunguzwe kiunoni, nikampongeza. Kisha akayaleta yaleyale tena. Kisha mabega, na mabega ya mtu mzima hayapungui hivihivi. Mara ya mwisho nilipompima kifua nilihisi mbavu zake chini ya utepe, na moyo unakwenda mbio wakati amesimama tu. Mifupa ya shingo imechomoza. Macho yamekuwa makubwa, yanatazama nyuma yangu, kule njiani.

"Mwalimu, unakula?"

"Nakula. Nikila natembea kukiondoa." Akasema kwa sauti ya mtu anayekueleza namna ya kufua shuka.

Yapo mengine, nikiyaweka pamoja leo nashangaa tulikuwa tumefumba macho. Alipougua malaria akapita mbele yangu na pamba bado imebandikwa mkononi alipochomolewa dripu, jasho linamtiririka, meno yanagongana. Mvua ikinyesha mfululizo akawa mkali hadi kuku wanamkimbia, na ikikatika anatoka kwenda mara mbili ya kawaida yake. Ukimuuliza anakujibu kwamba matembezi ya jana yanamwita. Mtu haitwi na jana. Nilimwambia hivyo akaniangalia kama ninayemwonea.

Na harusi ya Zuhura, bintiye wa pekee. Bibi harusi anatolewa, vigelegele vimeshika, mama mtu hayupo. Tulimtafuta vyumba vyote. Zuhura mwenyewe, na hina zake na shela yake, ndiye aliyempata nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na choo, anakanyaga palepale alipo, kushoto kulia, kushoto kulia, viatu vya sherehe amevivua amevishika mkononi.

"Mama, hata leo?"

"Dakika moja tu, mwanangu. Nilikaa sana kwenye mkeka."

Zuhura alirudi ndani akilia, na watu wakadhani ni kilio cha kawaida cha bibi harusi.

Bondeni ndiko nilikoanza kumwogopa. Wengi wetu tuna vishamba vya mpunga kule, na mpunga ukianza kuchanua mtu analazimika kuhamia kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, awinge ndege mchana na nguruwe jioni. Kazi ya dungu ni kukaa. Hakuna pengine duniani mtu anapokaa kama kwenye dungu. Mwaka huo mto ulijaa ukapanda mashambani, maji yakatuzunguka, hakuna pa kukanyaga, kila mtu juu ya dungu lake anangoja mtumbwi. Asubuhi moja ukungu umefunga, huoni hata mkono wako ukiunyoosha, tukasikia kitu kinapiga. Du, du, du, du. Hakipandi wala hakishuki. Shangazi, dada yake Mzee, ambaye dungu lake lilikuwa karibu na langu, alipaza sauti kutoka kwenye ukungu.

"Fundi! Umesikia? Kiboko anajikuna kwenye nguzo za mtu!"

"Kiboko hana subira hiyo, Shangazi."

Tukasikiliza. Mapigo yaliendelea mpaka jua likaanza kuula ukungu, na dungu la Mwalimu likajitokeza pole pole, linatikisika. Nguzo zinacheza majini, zinafanya viduara vinavyotujia mpaka kwetu. Juu yake yuko yeye, ameelekea ukuta wa makuti, anatembea bila kwenda popote. Ndege walikuwa wamejaa kwenye mpunga wake chini, wanakula kwa amani. Shangazi alisoma Ayatul Kursiy kwa sauti, akampulizia kuelekea upande ule.

Baada ya hapo maneno yakabadilika. Watoto waliokuwa wakimkimbilia na kumwamkia wakaanza kuvutwa ndani akipita. Ikasemwa ameonekana darajani na makaburini kwa wakati mmoja. Mimi si mtu wa kuamini kila kinachosemwa kisimani, ila nitasema nilichokiona. Ilikuwa jua la utosi, saa ile njia inapokuwa tupu na hata mbuzi wamejibanza kwenye kuta. Nimeinama kwenye cherehani, Mwalimu akapita kuelekea barabarani. Nikamwamkia, akaitikia. Sijamaliza pindo la gauni, Mwalimu akapita tena kuelekea barabarani. Hakuwa amerudi. Njia ni moja, na kibaraza changu kiko juu yake.

"Shikamoo," nikasema tena.

"Marahaba, Fundi," akaitikia kwa sauti ileile, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

Niliacha nguo nikaingia ndani nikafunga mlango, mchana kweupe. Baadaye nilikuja kujua ukweli, na ukweli wenyewe ulinisikitisha kuliko jini. Alikuwa akirudi kwa nyuma ya nyumba, anapenya mihogo ya watu ameinama ili tusimwone, kisha anatokea tena mwanzo wa njia. Alitaka tudhani ametembea mara moja. Mwanamke aliyewahi kuongoza shule nzima kwa filimbi alikuwa anajificha kwenye mihogo kama mwizi, na alichoiba ni uchovu wake mwenyewe.

Mzee alifariki akiwa ameketi. Ilikuwa asubuhi, amekwishapasha maji, beseni liko chini ya kizingiti. Filimbi tuliisikia mimi na watu wengine wa njiani, na hatukumwona Mzee akiinuka. Mwalimu alifika, akatumbukiza miguu, akangoja kunawishwa. Anasema alisimama pale kwa muda akizungumza naye, akimweleza kuhusu ukungu wa mtoni, kabla hajaona kwamba tasbihi imeanguka chini. Maji yalikuwa bado na uvuguvugu.

Sasa mwenye dini yake anajua mjane ana eda. Atakaa ndani mpaka muda wake utimie, hatoki pasipo dharura, haonani na wanaume wasio maharimu zake, na wanawake watakaa naye. Nami niseme kweli, kwenye kile chumba cha msiba, tukiwa tunachambua mchele, wanawake tulinong'onezana kwamba kila jambo lina heri yake. Eda itamkalisha. Tulichoshindwa sisi, Zuhura na marehemu, sheria itakiweza. Tuliona Mungu amempumzisha kwa njia yake.

Nilimshonea nguo mbili za eda, nyeupe, bila nakshi. Shangazi akahamia pale kumsimamia. Sebule ya nyumba ile ina sementi, lakini chumba cha ndani, alimokuwa anakaa mjane, kina sakafu ya udongo iliyosiribwa. Nilipokwenda kuipeleka nguo ya pili ilikuwa adhuhuri. Wanawake wamelala sebuleni kwenye mikeka, wamejifunika khanga, chetezo kinafuka ubani. Nikataka kubisha chumbani, Shangazi akanishika mkono.

"Usiende. Sikiliza."

Nikasikia nyayo nyuma ya mlango. Hazina haraka. Zinakwenda, zinageuka, zinarudi.

"Kila jua la utosi," Shangazi akaninong'oneza, na machozi yamemlenga. "Ni kaka yangu. Anaaga nyumba yake. Tumeamua tuwe tunawaachia chumba saa hizi, yeye na mkewe. Tunasoma dua huku nje."

"Mwalimu mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi kitu. Anatoka amelowa jasho, maskini, na hofu."

Wanawake wengine walikuwa macho chini ya khanga zao, nikaona midomo inatembea. Ningemuunga mkono Shangazi na mimi, maana nywele zilinisimama. Lakini ule mwendo naujua. Niliusikia utoto wangu wote nikiwa mwisho wa mstari. Mguu wa kulia unapiga. Wa kushoto ndio uliokuwa na jambo jipya, unaburutwa.

Nikasukuma mlango.

Alikuwa amevaa ile nguo nyeupe ya kwanza, na imeshakuwa kubwa. Anakizunguka kitanda. Sakafuni palikuwa na njia, sisemi kwa mfano, njia kabisa, imechimbika na kung'aa, inapita miguuni pa kitanda, kichwani, kwenye dirisha lililofungwa, na kurudi. Alinipita karibu hadi upepo wa nguo yake ukanigusa, macho ameyafungua, na hakuniona. Akanipita tena. Alipopita kwenye mwanga wa mlango nikaona mguu wa kushoto umevimba kuanzia kifundoni, ngozi imevutika inang'aa, na nyuma yake anaacha alama ya unyevu kwenye udongo.

"Mwalimu. Simama."

"Niache nimalize."

"Unamaliza nini?"

Akatembea kidogo, akifikiri. "Sijui," akasema. Kisha akaanza kulia bila kusimama, machozi yanashuka na miguu inakwenda. "Miguu ndiyo inayotaka, Fundi. Mie nishachoka zamani. Nikisimama namwona amekaa na tasbihi iko chini."

Nilimkumbatia, maana hakukuwa na namna nyingine. Mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa kuku mgonjwa, na hata nilipomwinua kidogo kutoka sakafuni, miguu iliendelea kutembea hewani. Hilo sitalisahau. Shangazi alikuwa mlangoni ameshika mdomo.

Shangazi alipoambiwa mjane apelekwe hospitali alisita, akasema watu watanena nini. Nikamwambia watu wameshanena vya kutosha, na dharura imeruhusiwa, amuulize shehe. Aliuliza, akajibiwa hivyohivyo. Tukamfunika khanga tukampakia bajaji, mimi upande huu, Shangazi upande ule, tumembana magoti.

Daktari alikuwa yuleyule aliyemwandikia kutembea. Alimkagua. Mfupa wa mguu una ufa, unyayo una kidonda kirefu, na kwa sababu ya sukari hakuwa akikihisi sawasawa. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yake, akaacha mambo ya mguu.

"Mama, siku usiyotembea unajisikiaje?"

"Kama nimemwacha mtu njiani."

"Unatembea hata ukiumwa?"

"Ndiyo."

"Unawaficha watu?"

Mwalimu akanitazama. "Huyu anajua."

"Na unafurahi unapotembea?"

Visigino vilikuwa vinapanda na kushuka chini ya kiti. "Zamani," akasema.

Daktari akashusha pumzi. "Mazoezi nilikuandikia mimi, na leo nayazuia mimi. Yamekuwa kwako kama pombe kwa mlevi. Huo ni ugonjwa na una tiba, tutazungumza, si mara moja. Lakini mguu huu haungoji mazungumzo. Usipoupumzisha utakatwa."

"Kumbe si shetani?" Shangazi akauliza.

"Msomee dua, Mama, hakuna atakayekuzuia. Lakini dua asomewe amekaa."

Wakamfunga plasta ngumu. Zuhura akaja kutoka Dar kumuuguza, wakagawana zamu na Shangazi, na mimi nikawa napeleka cherehani ndogo ya mkono nishonee kulekule. Mwalimu alikuwa mtiifu. Alikula ugali wa muhogo na kambale, akamaliza. Alizungumza na daktari kila alipopelekwa. Alituangalia tukimwangalia. Tukaanza kuvuta pumzi, na Zuhura akaanza hata kumtania mamake kwamba amekuwa bibi wa kwenye picha.

Lakini mtu akilindwa na watu watatu, kila mmoja husinzia akijua wawili wapo. Tulipokwenda kubadilisha plasta, daktari aliigeuza akatuonyesha chini. Ilikuwa imelika mpaka kitambaa. Harufu ilitoka tukageuka nyuso. Hakuna aliyeuliza lini, wala saa ngapi. Mwalimu alikuwa akitazama dirishani.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Hapa kwetu kiungo hakitupwi, kinasitiriwa na kuzikwa. Walipokuja kuniomba kitambaa nilichukua ile nguo nyeupe ya eda iliyokuwa kubwa kwake, nikakata kipande. Nimekata vitambaa vya kila namna maishani, vya harusi na vya maiti, lakini siku ile ndiyo ya kwanza kupima urefu wa mguu peke yake. Wanaume wachache wa ukoo wakaupeleka makaburini, wakauzika pembeni mwa kaburi la Mzee, upande wa miguuni. Kisha eda ikaisha, Zuhura akarudi kwa mumewe, na Mwalimu akabaki na Shangazi.

Sikumwona kwa kitambo. Nilikuwa na kazi za Iddi, na pia, tuseme ukweli, nilikuwa naiogopa nyumba ile. Mwezi uliopita akanitumia salamu kwamba anataka dera jipya. Nikaenda asubuhi, mvua ya usiku imekatika, njia yote ina madimbwi.

Alikuwa amekaa. Nilisimama uani kumtazama kwanza. Amekaa kwenye kiti cha Mzee barazani, mgongo umeegemea, tasbihi iko mkononi, khanga imefunika mapaja. Mguu wa kulia uko chini, na kisigino kimetulia juu ya sakafu. Nilikodoa macho kwenye kile kisigino nikingoja kiinuke. Hakikuinuka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Njoo unipime, mbona umeganda?"

Nikampima. Futi ikagoma pale ilipozoea kufungana, ikataka kuongezwa. Mabega yamerudi. Nilipomwambia ameongezeka, alicheka kicheko cha siku za shule, nami nikataka kulia kwa furaha. Nikamwambia Mzee angekuwepo angefurahi kumwona amekaa hivi.

"Anafurahi," akasema.

Nilipoinama kupima urefu ndipo nikaliona beseni. Lile la kijani, chini ya kizingiti, lina maji.

"Shangazi anakunawisha, Mwalimu?"

Shangazi akajibu kutoka jikoni. "Kila asubuhi ananitaka nipashe. Mie napasha tu, siulizi."

"Ni ya mguu wangu," Mwalimu akasema. "Ule mwingine." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, ya mtu anayekueleza habari za mtoto anayesoma mbali. "Unatoka alfajiri, nausikia. Ulizoea, siwezi kuuzuia. Lakini hauendi bondeni tena, Fundi, wala darajani. Unakwenda pale kwa Mzee, unakaa. Umejifunza kukaa! Ndipo na mimi nikaweza."

Daktari alikuwa ametuambia kwamba mtu aliyekatwa mguu huendelea kuuhisi, usitushangaze. Nilijishika na maneno hayo ya daktari.

"Maji yametulia," Mwalimu akasema. "Hebu nitazamie."

Nikaliinamia beseni. Juu niliuona uso wangu. Chini, katikati, palikuwa na udongo kidogo, umejikusanya pamoja, mwekundu. Nikatazama sakafu ya baraza, ilikuwa kavu na safi. Nikamtazama Shangazi aliyekuja mlangoni na mwiko, goti lake bovu limefungwa kitambaa, goti lililomfungia uani tangu mvua zianze. Akaangalia beseni, akaniangalia mimi, akarudi jikoni.

"Umefika salama?" Mwalimu akauliza.

"Umefika," nikasema.

Nikachovya kidole, maji yalikuwa yamepoa. Nikayamwaga kwenye shina la mpapai, nikaenda jikoni kupasha mengine.